Maneno ya Mtu Aliyeshiba

Ukitaka kumjua Fundi, usimtazame mikono. Mikono ya mafundi makochi yote ni mamoja, imechubuka na kukakamaa. Mtazame mdomo. Tangu asubuhi mdomo ule ulikuwa umejaa misumari midogo ya kugongea kitambaa, ameibana shavuni, na ulimi unaisukuma mmoja mmoja hadi kwenye midomo, kichwa mbele, nyundo yenye sumaku inaudaka, unagongwa. Ndivyo alivyofundishwa kazi. Mashine ya kupiga pini ilipoingia sokoni aliitazama kama mtu anavyomtazama mchumba wa bintiye asiyemtaka. Alisema kile ni chombo cha kubania karatasi, na anayekitumia kwenye kochi akaombe kazi ofisini.

Misumari ile ilikuwa na faida moja kubwa kwa binadamu wenzake: ilimfunga mdomo. Alipoitema kiganjani, waliokuwepo walijua kuna mtu anakwenda kuvuliwa nguo mchana kweupe. Mama mmoja alileta kochi lililobonyea katikati akauliza tatizo ni nini. Fundi akalizunguka, akalikanyaga, akamwambia hilo si kochi, ni godoro lililosimamishwa na waongo. Bwana mwingine alitaka rangi ya dhahabu na vifungo vinavyong'aa, akaulizwa kama nyumbani kwake wanakaa watu au wanakaa vinyago. Na wateja walirudi. Watu wana ujinga huo wa kumwamini anayewadharau, wakidhani kuna kitu anakijua. Kwa Fundi, bahati nzuri, kilikuwepo kweli.

Hasara yake ni kwamba mdomo uliojaa misumari hauli. Asubuhi alikunywa chai kavu akiwa amesimama, akameza kidonge chake cha kisukari, akajaza misumari, na hapo ndiyo basi mpaka jua lianze kurudi chini. Kidonge alikimeza kwa uaminifu, maana aliyekiandika ni fundi wa kazi yake. Kwamba kidonge kile kinataka kukuta chakula tumboni, hilo ama hakuambiwa ama aliambiwa akiwa amekwisha kumdharau msemaji.

Basi siku moja kabla ya mchana alianza kutoka jasho kwenye kivuli. Mikono ikatetemeka. Alikuwa anavika kiti kitambaa cha maua, na mwanawe, ambaye tangu akabidhiwe funguo za karakana watu wote walimwita Meneja, akaona jambo ambalo hajapata kuliona tangu azaliwe: baba yake amegonga kitambaa ndani nje, maua yamegeukia mbao. Akamwambia. Fundi akamtukana yeye, akakitukana kiti, akamtukana na aliyefuma kitambaa, kisha akakaa sakafuni kwenye vipande vya sponji, macho hayaoni mbali. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya karakana, ukuta mmoja. Mkewe akaja mbio, akamtoa misumari shavuni kwa kidole, kama anavyotolewa mtoto mchanga aliyeokota kitu chini, ndipo akamnywesha maji ya sukari.

Daktari alikuwa msichana tu, na kiti chake kilikuwa kimebonyea upande, kwa hiyo Fundi alimsikiliza kwa sikio moja. Mkewe alimsikiliza kwa yote mawili. Daktari alisema sukari yake inashuka kwa sababu anameza dawa na kushinda njaa. Akapunguza dawa, lakini akasema dawa kubwa ni sahani. Asianze kazi kwa chai kavu, ale mayai au maharage na mkate wa ngano isiyokobolewa. Asikae saa nyingi bila kitu, hata kama ni konzi ya karanga na kikombe cha maziwa. Soda na peremende si chakula, zinapandisha sukari haraka na kuiangusha haraka. Hizo, au juisi, au sukari yenyewe, ni za pale tu inaposhuka kweli: anywe, wasubiri robo saa, wampime, kisha ale chakula cha maana. Na watazame dalili, akasema. Jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa, hasira za ghafla.

Laiti daktari angeishia kwenye kuchanganyikiwa.

Ukweli usemwe, chakula kilifanya kazi. Mkewe alilishika jambo lile kwa mikono miwili. Asubuhi Fundi hakugusa msumari mpaka sahani iwe nyeupe. Saa nne ilikuja ndizi na karanga, mchana maharage na mboga za majani, saa kumi maziwa, na mkewe mwenyewe ndiye aliyeleta, akasimama hapo hapo mikono kiunoni mpaka mumewe ateme misumari na kula. Fundi alinung'unika kwamba sasa anafugwa kama ng'ombe wa maziwa. Lakini alikula, na jasho likakoma, na mikono ikatulia. Hata usingizi wake ukawa wa mtu mzima. Kitambaa hakikugeuka ndani nje tena.

Ila mdomo ulibaki vilevile, na hapo ndipo nyumba nzima ilipopata udaktari.

Alianza mkwewe, mke wa Meneja. Alikuwa na simu iliyojaa picha za makochi ya kisasa, akamwonyesha baba mkwe moja, lenye migongo mirefu na vifungo kama macho ya samaki. Fundi akasema linafanana na kitanda cha hospitali kilichoalikwa harusini. Siku za nyuma mkwe angelia jikoni. Safari hii hakulia. Alimtazama mama mkwe, mama mkwe akaitikia kwa kichwa, na kabla Fundi hajamalizia habari ya vile vifungo, bilauri ya juisi ilikuwa mkononi mwake. Akainywa. Alidhani anaheshimiwa.

Baadaye alimwambia Meneja kwamba mshono wake umepinda kuliko akili yake, akapewa juisi. Akasema gundi aliyonunua Meneja haiwezi kushika hata ahadi, akapewa ndizi, imemenywa kabisa. Alipoanza kueleza kwa utulivu, kwa hoja, kwamba sponji nyembamba itakufa kabla ya mwaka, wakatazamana, na mtu akaenda kutafuta asali. Fundi si mjinga. Aliigundua kazi yao: kila akifungua mdomo, wanaweka kitu. Aliwaambia sukari haijashuka, na kwamba wakiendelea kumjaza juisi ovyo watampandishia hiyo hiyo sukari mpaka wamuue kwa upande wa pili. Jambo hilo lilikuwa kweli tupu, na daktari mwenyewe angepiga saini. Lakini alilisema kwa sauti ya juu. Meneja akamshika bega akamwambia, kwa huruma, "Umeona, mzee? Hiyo ndiyo yenyewe."

Kipimo kilikuwepo kabatini, kimenunuliwa kwa kazi hiyo, na hakuna aliyekigusa. Kupima kungeleta jibu, na jibu wao walikuwa nalo tayari.

Aliyefurahi kuliko wote alikuwa mkewe. Majirani na ndugu, yeyote aliyewahi kukatwa maini na ulimi wa mumewe, aliwaendea mmoja mmoja kuwaeleza. "Siye yeye yule," alisema. "Ni sukari." Alipika huku akiimba chini chini. Usiku alimfunika mumewe shuka kama mgonjwa mpendwa. Fundi aliona yote hayo akasonya moyoni, akaona ni upumbavu wa mwanamke aliyepata kazi mpya. Hakujiuliza zaidi ya hapo. Mtu mwenye dharau hachunguzi alichokwisha kukidharau.

Kisha akaja mwenye hoteli.

Huyu alikuwa amejenga hoteli na anataka makochi ya ukumbi wa mapokezi, mengi na kwa haraka. Meneja alimpokea kwa tabasamu lililofika masikioni. Wakakubaliana: fremu za mbao za kugandisha, yaani ule unga wa mbao uliokandamizwa na gundi, pini badala ya misumari, sponji nyembamba, springi hakuna. Juu kitambaa cha kupendeza. Na sharti moja la mwenye hoteli: chini ya kila kiti iwepo ile alama. Alama yenyewe ilikuwa msalaba mdogo wa uzi mwekundu ambao Fundi alishona kwa mkono chini ya kila kazi iliyotoka kwake. Haukuonekana mpaka upindue kiti, na watu walikuwa wanapindua. Walisema kochi lenye uzi mwekundu utarithisha wajukuu.

Fundi akatema misumari. Akasema uzi wake hautakaa chini ya uji wa mbao, na kwamba mtu akitaka kuuza takataka aiuze kwa jina la baba yake, si la baba yake Meneja. Alikuwa ndiyo kwanza anapanga sentensi ya pili, ile nzuri, Meneja alipomgeukia mwenye hoteli akamwambia polepole, kama watu wanavyosema mbele ya mtoto: "Mvumilie mzee. Ni sukari inashuka. Akila atakuwa sawa."

Mwenye hoteli akamtazama Fundi. Akatikisa kichwa, akasema pole.

Fundi alikuwa amechukiwa na watu wengi, na alilichukulia hilo kama malipo ya kazi. Alikuwa ameogopwa, na hilo alilipenda. Kuhurumiwa hakukuwahi kumpata. Tena na mtu aliyevaa viatu vilivyochongoka vile! Ilimuuma mpaka akakosa la kusema, na aliponyamaza wakaona ndizi imefanya kazi, maana mkewe alikuwa amekwisha kumtilia moja mkononi na yeye ameimaliza bila kujua.

Kesho yake alikuta viti vichache vya mfano, vilivyopigwa pini usiku kucha, vimesimama karakanani, vinamsubiri mwenye hoteli aje kuvikagua. Vilipendeza kwa mbali. Akakipindua kimoja. Chini palikuwa na msalaba wa uzi mwekundu, umeshonwa na mkono wa mtu mwingine, umelalia upande, fundo limeachwa nje kama la mtu anayefunga gunia. Mkwe ndiye aliyeushona. Hawakuona haja ya kumsubiri apone.

 Fundi alikiweka kiti chini, akaenda ndani, akamwambia mkewe anataka chakula cha mchana mapema na anakitaka chote. Mkewe akapakua kwa furaha. Maharage, mayai, mboga, kipande kinene cha mkate wa ngano isiyokobolewa. Fundi alikula taratibu, akitafuna kila tonge kama anayetoa ushahidi. Akafuta sahani kwa mkate. Kisha akaenda kukaa karakanani, mikono magotini, akisubiri chakula kitulie na mwenye hoteli afike.

Alipofika, Fundi akawaita wote. Akamwambia mkwe alete kile kipimo. Mkwe akamtazama mumewe, Meneja akainua mabega. Kikaletwa. Fundi akanyoosha kidole, na mkwe mwenyewe akamchoma, akakamua tone la damu, akasubiri.

"Soma," Fundi akasema.

"Sita nukta nane, baba."

"Ni mbaya?"

Mkwe akasema si mbaya. Ni nzuri.

"Mtu mwenye hiyo anachanganyikiwa?"

"Hapana."

"Mwambie na mgeni, alinipa pole."

Mkwe akamwambia mgeni, sauti imeingia tumboni. Mkewe Fundi alikuwa amesimama mlangoni na sahani tupu mkononi, bado anatabasamu, akidhani mumewe hatimaye ameukubali ugonjwa wake na anataka kujifunza.

Ndipo Fundi akasema. Hakupandisha sauti, alisema kama mtu anayetaja vipimo vya dirisha. Alikipindua kile kiti, akashika mguu mmoja, akaupinda kidogo tu kwa mkono wake wa kizee, na pembe ya fremu ikameguka ikamwagika sakafuni unga. Akamwambia mwenye hoteli kwamba mgeni wake wa kwanza mnene ndiye atakayeufungua ukumbi, kwa makalio. Akamwambia mkwe kwamba ule msalaba hata kaburi la paka usingelifaa. Kisha akamgeukia mwanawe. Akamwambia amemfundisha misumari akachagua pini, amemfundisha springi akachagua sponji, na sasa amegundua njia rahisi kuliko zote, kumfanya baba yake mgonjwa kila anapokosea yeye. Kwamba yeye si mvivu, maana mvivu huacha kazi, yeye anaifanya mbaya kwa bidii.

"Na haya nimeyasema nimeshiba," akamalizia. "Jana nilikuwa nimeshiba. Juzi nilikuwa nimeshiba. Hakuna siku niliyowaambia ninyi jambo kwa sababu ya sukari. Huwa namaanisha."

Akachukua mkasi, akaukata uzi mwekundu, akauvuta wote ukatoka, kiti kwa kiti.

Mwenye hoteli alikohoa, akautazama ule unga kwenye ncha ya kiatu chake. Akasema kwamba yeye alichokuwa anataka ni ule uzi na kilichomo juu yake, na kama havipatikani pamoja atatafuta kwingine, au atasubiri mzee amtengenezee vichache vya kweli. Wakaachana hapo. Meneja akaenda uani, na mkwe akamfuata na kile kipimo bado mkononi.

Fundi alijisikia mtu. Alikuwa amewasema, wakasikia, na hakuna aliyeleta ndizi. Alianza kuchagua misumari kwenye kopo, ule utamu wa ushindi umemjaa kifuani, alipoona mkewe hajaondoka mlangoni. Tabasamu halikuwepo.

"Mzee, nikuulize kitu."

"Uliza."

"Siku tuliyomzika mama yangu. Nilikuwa nalia. Ukawaambia wanaume uliokaa nao, analia kama anavyopika, moshi mwingi na chunguni hamna kitu. Wakacheka. Mimi nilikuwa nyuma yenu na maji ya kuwanawisha."

Fundi alikumbuka. Alikumbuka hata jinsi walivyocheka, mmoja wao mpaka akashika ubavu. Hakujua kwamba alikuwa nyuma yao, na miaka yote hiyo mwanamke huyu hakuwahi kulitaja.

"Tangu tutoke kwa daktari, nimekuwa nikijiambia kwamba siku ile ulikuwa na njaa," mkewe akasema. "Watu walikuwa wengi, chakula kilichelewa. Labda ugonjwa ulikuwepo na hatujaujua. Siku ile, na ile ya harusi ya mdogo wangu, na zile nyingine. Nimekuwa nazipitia moja moja, nasema hapa hakuwa amekula, hapa hakuwa amekula. Nimepumzika, mzee. Hujui nilivyopumzika." Akaihamisha ile sahani kutoka mkono huu kwenda ule. "Sasa hebu niambie. Siku ile ulikuwa umekula?"

Neno moja tu lilitakiwa, na lilikuwa jepesi. Hata mkewe alikuwa amemtengea tayari, kama anavyomtengea chakula. Fundi alitazama misumari kiganjani. Siku ile walipakuliwa wao kwanza, wanaume. Alikula akamaliza, akaongezewa nyama, na alikuwa anachokonoa meno aliposema maneno yale. Alikuwa kijana, mzima kama chuma, na aliyasema kwa sababu yalikuwa yamemjia vizuri na ingekuwa hasara kuyaacha.

Katika maisha yake hakuwahi kuiita kazi mbaya nzuri, si kwa mteja wala kwa ndugu. Aliwadharau wote waliofanya hivyo. Sasa alitamani kwa moyo wake wote kuwa mmoja wao, na hakujua wanaanzaje.

"Nilikuwa nimekula," akasema. "Nilikula nikashiba."

Mkewe akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyesomewa namba na mkwewe. Akaingia ndani. Fundi akasubiri asikie vyombo, au kilio, hata tusi moja la haki yake. Hakusikia kitu. Saa kumi maziwa na karanga vililetwa kama kawaida, ila aliyevileta alikuwa mkwe.